Mtoto wa awali kamjibu mwenyekiti wa mtaa "poa, niaje": lugha ya heshima inafundishwa lini, na nani?

#1 Mama_Mwanga (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Nina jambo linanisumbua kweli, naomba tulijadili.

Binti yangu yuko darasa la awali. Juzi nilikwenda naye ofisi ya mtaa kufuata barua ya utambulisho. Mwenyekiti, mtu mzima wa mvi, akamwinamia akamuuliza hali. Mtoto akajibu, "Poa, niaje." Mzee wa watu akacheka, mimi jasho likanitoka. Jioni yake nafua nyuma ya nyumba, namsikia anamwambia mwenzake, "Samahani, naomba kuazima kamba yako." Wenzake wakaangua kicheko, wakaanza kumwita "ticha", yaani mwalimu. Akaacha mchezo, akaingia ndani.

Kwa hiyo maneno anayo, tena ya pande zote mbili. Kinachomshinda ni kujua lipi la nani. Shuleni wanasalimu kila asubuhi, nyumbani tunamkumbusha, lakini akikutana na mtu mpya anabahatisha. Dai langu ni kwamba tunawajaza watoto maneno ya adabu bila kuwaonyesha mahali pake. Au miaka mitano ni mapema mno? Ninyi mlifanyaje?

#2 Dagaa_Mkavu
Mapema wapi? Samaki mkunje angali mbichi. Akikosea mbele ya mtu mzima, mfinye palepale, hatarudia.

#3 Mwl_Kasulu
Dagaa_Mkavu, hiyo methali imehalalisha viboko vingi. Ukimfinya palepale atajifunza kunyamaza mbele ya wageni, na mtoto aliyenyamaza hatujui anajua nini.

Dada Mama_Mwanga, mimi nafundisha awali Kasulu na hilo naliona kila mwaka. Salamu ya darasani ni wimbo. Darasa zima linasimama, linavuta "Shikamoo mwaaalimuuu", linakaa. Inaanza mwalimu akiingia mlangoni, inaisha akisema kaeni. Mkute mtoto huyohuyo sokoni peke yake, anakukodolea macho, maana hakuna wa kumwanzishia.

Ninachofanya ni hiki. Kwenye kona ya duka nimeweka makopo, maboksi matupu ya sabuni, na vizibo vya soda ndiyo hela. Mtoto mmoja anauza. Kazi yangu ni kumbadilishia wateja. Nikijitanda khanga nikaja na mkongojo, mimi ni bibi. Nikivaa koti jeupe, mimi ni daktari. Kisha namtuma mtoto mwenzake, awe yeye kama alivyo. Muuzaji ni yuleyule na sabuni ni ileile. Mwanzoni mwa mwaka, wote tunaulizwa "unataka nini?" Wakishazoea, bibi anaambiwa "Shikamoo bibi, karibu, nikupe nini?", daktari anaambiwa "subiri nikuletee", na mwenzake anaambiwa "leta hela kwanza". Hiyo "leta hela" sikuwafundisha mimi. Wameipanga wenyewe, na wameipanga vizuri, kwa sababu kwa mwenzao hapo ndipo mahali pake.

Kwa hiyo simwiti mtoto wako mkosaji. Ameshajua kuna ngazi, bado anatafuta nani anakaa ngazi gani.

#4 Mzee_Isevya
Mwangaluka wote. Natokea Tabora.

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini chanzo nakiona kwingine. Kwa Kinyamwezi, mtoto anamwambia mwenzake "wangaluka", na mtu mzima, hata awe mmoja peke yake, anaambiwa "mwangaluka". Mtoto hawezi kufungua mdomo asubuhi bila kuchagua. Kwa Kiswahili chetu cha mjini kila mtu ni "umeamkaje", mwenyekiti na mwana wa jirani sawasawa. Hakuna kinachomlazimisha mtoto kufikiri yuko mbele ya nani. Ndiyo maana wazee wa huku bado tunamwambia mtu mmoja "mmeamkaje baba", na mtu wa pwani anageuka nyuma kuangalia wengine wako wapi. Wazazi wa leo wamewaachisha watoto lugha ya nyumbani, na mahali pa "mwangaluka" hawakuweka kitu.

#5 Reli_ya_Kati
Shikamoo Mzee_Isevya. Nakazia hapohapo. Kiswahili huku kwetu kililetwa na reli ya Mwingereza. Ni lugha ya stesheni, soko na kazi. Haikuja na adabu za nyumbani, tutaitoa wapi sasa?

#6 Mjukuu_wa_Ujiji
Reli_ya_Kati, hapo pana makosa mawili. Reli ni ya Mjerumani: ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Mwingereza alikuja kuikuta. Na Kiswahili kilikuwa Ujiji muda mrefu kabla ya garimoshi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika ziwani 1858 walipita njia ya misafara ambayo watu wa pwani walishaizoea, na Stanley alipomkuta Livingstone hapa 1871 mji ulikuwa na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Hapa Ujiji Kiswahili tunazaliwa nacho, tunaolewa nacho na tunazikwa nacho. Adabu za nyumbani zimo tele.

Zilivyofundishwa sasa. Bibi hakuwahi kunikalisha chini akaniambia "hii ndiyo lugha ya heshima". Alinituma. "Nenda kwa mama wa nyumba ya tatu, piga hodi, ukikaribishwa usiingie moja kwa moja, simama kizingitini. Mwamkie. Mwambie bibi anakusalimu, anauliza mmeshindaje, na anaomba kinu. Sema nisikie." Nikisema. Nikiruka salamu, ananirudisha mwanzo. Nikisema "anataka kinu", ananirudisha: "Anaomba." Halafu naondoka, na njiani nayarudia maneno nisiyamwage. Kule nako napewa majibu ya kurudisha: "Mwambie bibi nimepokea salamu, kinu hiki hapa, mtwangio nitauleta mwenyewe." Yule mama naye akiona nimekosea ananirekebisha kabla hajanipa. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, watoto barabara nzima na sahani zimefunikwa kawa, kila mmoja na maneno aliyobebeshwa.

Nilikuwa nasema kwa mdomo wa mtu mzima kwenda kwenye sikio la mtu mzima. Siku hizi mama anapiga simu mwenyewe, "Nimemtuma mtoto, mpe kinu." Mtoto anafika, ananyoosha mikono, anapewa, anaondoka. Hajatamka lolote. Simu imewanyang'anya watoto wetu kazi ya kupeleka salamu, na lawama anatupiwa mwalimu wa awali.

#7 Fundi_Cherehani_KGM
#6 umenikumbusha mbali. Na kuitika je? Msichana "abee", mvulana "naam". Ukiitika "nini?" unaitwa tena mpaka uitike sawasawa.

#8 Mama_Mwanga
Fundi, wangu wa kiume anaitika "abee" kwa kuwa anamfuata dada yake. Nimwache?

#9 Fundi_Cherehani_KGM
Mwache, atahama mwenyewe wavulana wenzake wakimsikia.

#10 Reli_ya_Kati
Ahsante kwa miaka ya reli, Mjukuu. Lakini Ujiji ni Ujiji. Nenda vijiji vya Uvinza au Sikonge huko, wengi Kiswahili wamekikuta shuleni. Kwao ni lugha ya mwalimu na ya ofisini, na ya kuchezea ni nyingine. Hapo mtoto hana shida ya kuchagua, maana kila lugha ina mahali pake. Shida ni ya sisi wa mjini tunaotumia Kiswahili kimoja kuanzia chooni hadi mahakamani.

#11 Nesi_Gungu
Habari zenu. Nimeona "ofisini" nikaona nichangie, maana watu wazima tunaongea na watoto lugha yetu ya kazini halafu tunawaona wajinga.

Kliniki mtoto anaulizwa, "Umepata choo leo?" Nimejibiwa, "Ndiyo, kipo nyuma ya nyumba." Mwingine nilimuuliza kama amepata haja kubwa, akasema hajapata, amepata ugali. Mama zao wanaona aibu, lakini mtoto hana kosa, hajawahi kuambiwa kwamba lile analolifanya kila siku lina jina la hospitali.

Mimi nasema mtoto apewe majina yote, la nyumbani na la staha, aambiwe na la wapi. Shuleni aseme "naomba kwenda msalani" au "kujisaidia". Kwangu akishindwa la staha aseme lile la nyumbani, bora aseme. Kuna watoto wanavumilia maumivu kwa sababu sehemu inayouma wamekatazwa kuitaja.

#12 Dagaa_Mkavu
"Amepata ugali" 😂😂 Nesi, huyo ni wa Kigoma halisi. Wa Tabora angesema amepata asali.

#13 Mzee_Isevya
Asali yetu mwachieni nyuki wetu, kijana. Ninyi wa mwisho wa reli hata embe mnasubiri garimoshi lilete.

#14 Dagaa_Mkavu
Shikamoo mzee, embe tunazo, njoo tukupe na samaki wetu wa mgebuka.

#15 Mwanachuo_TBR
Turudi kwenye mada wakuu. Nasoma ualimu hapa Tabora. Mambo mawili.

La kwanza, kuhusu umri. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Marilyn Shatz na Rochel Gelman, walionyesha kwamba watoto wa miaka minne wakimweleza mtoto wa miaka miwili wanatumia sentensi fupi na rahisi kuliko wakimweleza mtu mzima. Maana yake miaka minne mtoto tayari anampima anayemsikiliza. Miaka mitano si mapema.

La pili, mfumo wetu wa masomo. Rejesta, yaani lugha ya mahali au kazi fulani, tunaisoma sekondari, tunakariri rejesta ya hospitalini, ya mahakamani, ya sokoni, tunajibia mtihani. Mwanaisimu Martin Joos mwaka 1961 aligawa mitindo ya usemi katika ngazi tano, kuanzia ile isiyobadilishwa hata neno kama ya viapo, hadi ile ya watu wa ndani kabisa. Haya yangeanza awali kwa michezo kama ya Mwl_Kasulu, maana awali ni miaka miwili, muda upo.

#16 Mwl_Kasulu
Mwanachuo, miaka miwili ni ya sera ya 1995. Sera ya 2014 ilisema isiyopungua mwaka mmoja, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Mtoto nakaa naye mwaka mmoja, na ndani yake kuna kuhesabu, kuumba herufi, kunawa, uji na kumbembeleza anayelia. Usinipangie ngazi tano.

#17 Fundi_Cherehani_KGM
Hao wa Marekani na sisi wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, wapi na wapi?

#18 Mwanachuo_TBR
Fundi, usiwaamini wao, mwangalie mwanao akimbembeleza mdogo wake. Sauti inapanda, maneno yanafupishwa, "njoo, njoo kwa dada." Mgeukie umuulize kafanya nini, anakujibu kwa sauti nyingine kabisa. Nani kamfundisha?

#19 Mama_Kaliua
Nasoma tangu mwanzo na kuna kitu hamkigusi.

Mimi nililelewa kwa adabu hasa, za kupiga goti. Niliweza kuamkia, kushukuru, kuomba radhi, kuitika. Sikuwahi kufundishwa namna ya kumwambia mtu mzima "hapana". Hata alipokuwa ananituma pasipofaa, hata aliponishika nisipotaka. Lugha yote ya heshima niliyopewa ilikuwa ya kukubali.

Kwa hiyo binti zangu nawafundisha na upande wa pili, kwa sauti ileile ya heshima: "Samahani mjomba, sitaki kushikwa." "Shikamoo babu, mama amenikataza kuingia ndani kwa mtu." "Mwalimu, samahani, sijaelewa." Tunafanyia mazoezi jikoni, mimi nikiwa mjomba. Mwanzo walikuwa wananong'ona, sasa wanasema wima wananitazama usoni. Mkwe wangu hapendi, anasema nawafundisha ujuba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, lakini maoni hayatoki kinywani kwa mtoto asiyejua yanaanzaje mbele ya mkubwa.

#20 Nesi_Gungu
Mama_Kaliua, nakushukuru kwa kuandika haya. Hiyo "sitaki kushikwa" iwekwe ukutani kwenye kila darasa.

#21 Mzee_Isevya
Binti yangu wa Kaliua, nimekusoma mara mbili. Sipingi mtoto kukataa. Napinga kumtazama mkubwa usoni, hilo kwetu lina maana yake. Atakataa macho yakiwa chini na itasikika.

#22 Mama_Kaliua
Baba, nakuheshimu. Lakini kwa yule mwenye nia mbaya, macho yaliyo chini anayasoma kama ruhusa. Hapo tutabaki na tofauti.

#23 Muha_wa_Heru
Kwetu Buha, kwa sisi Waha wa Kigoma, salamu haikai mdomoni peke yake. Kuna makofi ya taratibu, mtu anainama kidogo, anasubiri mkubwa amalize. Mtoto ambaye hajajua kutamka anashikwa viganja na mama, anapigishwa. Anakua anajua kwamba mbele ya mkubwa mwili unatulia kwanza, ndipo maneno yanafuata. Binti wa Mama_Mwanga alijibu "niaje" akiwa anarukaruka, nina hakika. Msimamishe kwanza, lugha itakaa sawa yenyewe.

#24 Mama_Mwanga
Muha_wa_Heru, umejuaje? Alikuwa ananing'inia kwenye meza ya mwenyekiti kweli.

#25 Kijana_Katubuka
Mnaenda mbali. Sababu ni katuni na video za kwenye simu. Huko wote wanaongea lugha moja, baba, mtoto, mbwa na mfalme, wote "oyaa, niaje". Mtoto anashinda na simu kuliko na bibi. Zima simu uone.

#26 Mjukuu_wa_Ujiji
Kijana, jirani yangu hana hata televisheni na mwanawe kamwita imamu "bro". Kalipata barazani kwa vijana wa bodaboda. Simu inachangia, lakini usiibebeshe yote.

#27 Mama_wa_Nzega
Na wenye watoto ingilishi midiamu tuseme nini? Wangu anafika kwa bibi yake anasema "gudi afutanuni". Bibi anakaa kimya anasubiri. Mtoto naye anasubiri. Wote wanasubiri, hakuna aliyeitikiwa. Nimeamua nikikaribia geti la bibi namnong'oneza, "Hapa ni kwa nani?" Anasema, "Bibi." "Bibi anaamkiwaje?" Anajibu mwenyewe. Simwambii neno, namuuliza mtu. Na simrekebishi mbele ya bibi hata akikosea, tunaongea tukirudi.

#28 Dagaa_Mkavu
Hili la kumuuliza kabla ya kufika nimelipenda kuliko kufinya. Nitalijaribu kwa huyu wangu wa pili, lakini akimwita tena baba mkwe "mwanangu" sijui itakuwaje.

#29 Mama_Mwanga
Wakuu, shukrani. Nimeanza na ya Mjukuu kwa sababu haihitaji vifaa. Leo nimemtuma kwa jirani kuomba ungo, nimempa maneno, kayasema vizuri nikiwa nasikia. Kaenda. Karudi na ungo. Namuuliza mama kasemaje, ananijibu, "Kasema nikusalimu, na kasema wewe una deni lake la mawese."

Swali langu limebaki kwenye ile kamba na kile kicheko. Mmechangia sana upande wa wakubwa. Lakini aliyechekwa na wenzake kwa kusema "naomba" naye ameumia, na naona ameanza kuona aibu kusema "naomba" hata kwangu. Mwl_Kasulu, hilo unalifanyaje darasani?

#30 Mwl_Kasulu
Huwaambii wanaocheka waache, watacheka zaidi. Mimi namweka aliyechekwa kuwa muuza duka, halafu mimi mwenyewe nakuja kama mtoto mwenzake, nachuchumaa tulingane, namwambia "nipe kamba tuchezee". Akinijibu kwa lugha ya mchezo namsifu vilevile ninavyomsifu akimwamkia bibi. Ajue kwamba "nipe" kwa rafiki si kosa, na "naomba" haijafa, inamsubiri mwenyewe. Jaribu nyumbani na wewe uwe mtoto. Usisahau kulipa mawese.

#31 Fundi_Cherehani_KGM
Mwalimu, hapo sikubaliani. "Naomba" iende kwa wote, hata kwa rafiki. Tukianza kuruhusu "nipe" itapanda hadi kwa baba.

#32 Mzee_Isevya
Fundi kasema kweli.

#33 Mjukuu_wa_Ujiji
Hapana wazee wangu, mtoto anayemwambia rafiki "samahani naomba" kila wakati hana rafiki. Mwenye kesi ya mtoto wa darasa la kwanza au la pili aliyevuka hapo alete, tuone wao walipitaje.